Kufuli Lililolala Mfukoni mwa Koti

Babati, Jumapili, tarehe 13 Julai. Asubuhi ukungu umekaa juu ya mlima Kwaraa mpaka saa tatu. Baridi ya kuvaa koti. Upepo kidogo kutoka upande wa ziwa. Mchana jua, mvua hakuna.

Mwanangu Vero,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nimejibu kabisa ili tuendelee.

Wewe umeshalala. Baba yako yupo sebuleni anafunga sanduku lako kwa kamba ya katani, na kwa jinsi anavyoguna mtu angedhani ndani kuna ndama. Nimemwambia linakwenda Simanjiro kwa basi, haliburuzwi. Amenijibu kwamba fundi uashi hafungi kitu nusu nusu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za sweta, wala za kukaa siti ya mbele. Hayo nimeyasema miaka ishirini na mitatu, na kama hayakuingia kwa masikio, hayataingia kwa macho. Nimechana kurasa hizi katikati ya shajara yangu, lile daftari gumu ambalo wewe husema naandika humo hadi tabia za mawingu, kwa sababu kuna jambo moja ninalotaka uondoke nalo. Ni kosa langu, tena kosa nililokufanyia wewe. Nitalifikia. Lakini unanijua, siwezi kusimulia kitu bila kukipanga tangu mwanzo. Ukiona nazunguka, ujue naogopa.

Leo mchana walipokuja kukuaga pale Bustani ya Mimea nilifurahi mpaka nikasahau kuandika majina ya wageni, jambo ambalo halijatokea tangu nipewe daftari la wageni. Yule bibi wa Singe alikuletea mbegu za mgagani amezifunga kwenye pindo la khanga. Walimu walikuja. Wale vijana wa bodaboda wanaoegesha chini ya mringaringa walikuja wote, na yule mrefu akapaza sauti:

“Vero Mbuzi! Mambo?”

“Poa!”

“Ukifika Simanjiro usisahau kufunga lango, dada. Mbuzi wa kule watakula mpaka dawa zako za zahanati!”

Watu wakaangua kicheko. Wewe ulicheka kuliko wote, ukamwambia mbuzi akila dawa zako atapona kiburi, tofauti na yeye. Nilikuwa nimeshika kikombe cha mchaichai. Nilikiweka chini, nikajifanya natafuta sukari, na sukari ilikuwa mbele yangu.

Miaka tisa sasa mji huu unakuita Vero Mbuzi. Umelibeba jina hilo kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani bila kushika. Wengine wanaolitumia hawajui hata lilitoka wapi. Mimi najua.

Uwanja ule, kabla haujawa bustani, ulikuwa mahali pa kutupa taka nyuma ya soko. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka moshi tu. Mzee Bura, bwana shamba mstaafu, ndiye aliyetukusanya wakina mama kumi na wastaafu wanne, tukaiomba halmashauri ituachie tupande miti na mimea ya asili ya Manyara, ili watoto wa mjini waijue. Tulikubaliwa kwa majaribio. Tulizoa taka miezi miwili. Kisha Mzee Bura akasema tunahitaji mtu wa kutunza ufunguo na daftari la mimea, mtu mwenye kidato cha nne na mwandiko unaosomeka. Watu wakanitazama mimi.

Nikuambie ukweli: sijawahi kufurahia kitu kama ule ufunguo. Niliufunga kwa uzi mwekundu, nikauvaa shingoni. Kila mmea niliupa namba. Namba moja mringaringa, namba mbili mtarakwa, na kuendelea. Nikapaka rangi nyeupe vibao, nikaandika majina kwa herufi za kusimama, jina la kitabuni na jina la Kiswahili, mistari imenyooka kama ya daftari la hesabu. Na pale langoni nikatundika kibao kikubwa kuliko vyote: USIGUSE. USICHUME. USIKANYAGE.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulitoka shule, ukasimama mbele ya kibao na begi lako mgongoni, ukakisoma taratibu, halafu ukasema, “Mama, umesahau USIPUMUE.”

Nilikukaripia. Usiku ule niliandika kwenye shajara: “Vero amekosa adabu kuhusu kibao.” Sasa nikisoma hapo nacheka peke yangu, maana ulikuwa umesema kitu ambacho Mzee Bura alitumia mwaka mzima akitafuta namna ya kuniambia. Alikuwa akija kila Jumamosi, anafungua daftari la wageni, anavaa miwani, anasoma. “Jumatatu, Mama Vero. Jumanne, Mama Vero na Vero. Jumatano, Mama Vero.” Anavua miwani. “Mama Vero, naona unatutembelea sana.”

Watu walikuwa wanapita nje ya uzio wa miiba. Walikuwa wanachungulia. Wazee wa Kigorowa walikuwa wanasimama wakinyooshea kidole mti fulani na kuzungumza, halafu wananiona, wanaondoka. Mimi nilidhani wanavutiwa na usafi.

Basi ikaja Julai ile. Halmashauri ilitoa taarifa kwamba wangekuja kukagua, waone kama eneo lina faida kwa wananchi, la sivyo lifanywe maegesho ya malori. Tulipewa wiki moja. Niliwaza nini? Niliwaza kuwa bustani inahitaji mbolea. Mwanangu, mtu akiwa na nyundo hatafuti bisibisi. Mimi nilikuwa na daftari na mbolea.

Alhamisi jioni wewe ulimwagilia, kama kawaida yako, ukafunga lango, ukanirudishia ufunguo. Ijumaa alfajiri nilichukua toroli la samadi, nikaenda. Baridi ilikuwa kama ya leo. Nilivaa lile koti kubwa la kahawia la baba yako. Nilifungua kufuli, nikaingiza toroli, nikamwaga samadi kwenye vitalu vya miche. Ndipo nikakumbuka nimeacha maharage jikoni na moto mkali. Nilikimbia. Nililisukuma lango kwa mkono likagota, nikaona limefunga, nikateremka mbio na toroli langu linapiga kelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka. Maharage niliyawahi. Nilifurahi sana kuyawahi.

Ilikuwa siku ya mnada. Mbuzi walikuwa wanapitishwa barabara ile tangu saa kumi na mbili, na kundi moja liliposikia harufu ya majani mabichi mwezi wa saba, unajua tena. Saa tatu niliitwa. Nilikuta miche yote ya vitaluni imeliwa, vibao vimelala chini, na mbuzi mmoja beberu amesimama juu ya kibao changu kikubwa cha langoni anatafuna uzi wa kukitundikia. Waliokuwepo ni Mzee Bura, wakina mama wa kikundi na nusu ya soko. Lango lilikuwa wazi. Kufuli halikuwepo.

Mtu akauliza, nani alikuwa wa mwisho?

Nikasema, “Jana jioni Vero ndiye aliyemwagilia.”

Nataka uione sentensi hiyo vizuri. Haina neno hata moja la uongo. Nimeishi nayo miaka tisa na nimeipima kila upande. Ni kweli tupu, na niliitumia kufanya kazi ya uongo. Wakati ule sikuwa nimepanga kudanganya. Nilikuwa nimesahau kabisa alfajiri, kichwa changu kilikuwa kwenye maharage na samadi, na jina lako ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Jina la mtu mdogo huwa karibu na ulimi daima. Lakini hilo ni la asubuhi tu. La jioni halina utetezi.

Ulitoka shule ukakuta tayari limeshakuwa lako. Ulisema, “Mama, nilifunga. Nilivuta mara mbili, kama ulivyonifundisha.” Nilikujibu kwamba kufuli haliendi matembezi. Wakina mama walicheka. Baba yako alisema hakujua kuwa ana binti mzembe. Nikakunyang'anya zamu ya kumwagilia mwaka mzima, wewe uliyeijua ile miche moja moja. Jioni ile baridi ilipoanza nikavaa tena lile koti, nikatia mkono mfukoni.

Kufuli lilikuwa humo. Limelala kimya, lina baridi, lina harufu ya samadi.

Nilikuwa peke yangu jikoni. Wewe ulikuwa chumbani unalia kwa sauti ndogo ili nisisikie. Zilikuwa hatua sita kati yangu na mlango wako, nimezipima baadaye. Nilisimama pale mpaka jivu likapoa. Nilijiambia: wakaguzi wanakuja, nikisema sasa nitanyang'anywa ufunguo, na nikinyang'anywa ufunguo bustani itakufa. Niliamini hivyo kweli. Mtu anayeshika ufunguo huanza kudhani yeye ndiye mlango. Nikaliweka kufuli kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, nikanunua jingine. Katika shajara ya siku ile kuna tarehe, hali ya hewa, na mstari mmoja: “Mbuzi wameingia.” Wenye mbuzi na mwenye mlango hawakuandikwa.

Sasa sikia ya kesho yake, ambayo unaijua nusu.

Jumamosi asubuhi alikuja mama mmoja wa Kimasai. Ndiye huyu huyu Mama Naserian ambaye leo amekuletea kibuyu cha maziwa na kukushika kichwa akikubariki. Wakati huo hatukumjua. Familia yake ilikuwa imetoka Simanjiro na mifugo kwa ajili ya kiangazi, wamefikia kwa shemeji yake kule Bonga. Alisimama langoni bila kusema neno, ameshika nyasi kwa mikono miwili. Nyasi za kijani, Vero, katikati ya Julai! Nilizitazama, nikatazama bustani yangu iliyoliwa, nikapanda mori.

“Mama, mbuzi wako wamekula kila kitu, na sasa na wewe unachuma kilichobaki?”

Akaninyooshea zile nyasi.

Nikamwonyesha kibao. “Hapa pameandikwa usichume! Ziweke chini!”

Hakukasirika. Aliinama, akaziweka zile nyasi mbele ya lango, taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka. Mzee Bura alikuwa anakuja kwa nyuma na fimbo yake, alishaona yote. Alipofika alivua kofia.

“Mama Vero, unajua umefanya nini?”

“Nimelinda bustani, mzee.”

“Umemfukuza mtu aliyekuja kukuomba radhi. Mmasai akikosa, hubeba nyasi. Ukimwona na nyasi mkononi, amekuja kwa amani. Na hizi hakuzichuma hapa, hapa hakuna kitu cha kijani kilichobaki. Hizi ni za kando ya ziwa. Ametembea kutoka Bonga mpaka ziwani, kwenye viboko, halafu kuja hapa, kwa ajili yako.”

Mimi ndiye niliyekuwa nimepewa kazi ya kujua majani ya mkoa mzima. Namba, jina la kitabuni, jina la Kiswahili. Jani lililoletwa mikononi nikalisoma vibaya kuliko yote.

Nilirudi nyumbani nikakusimulia, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumsimulia, na wewe ulikuwa bado umevimba macho. Ukasema, “Basi na sisi tuchukue nyasi twende.” Mtoto niliyemtwisha kosa langu ndiye aliyenifundisha namna ya kuomba radhi. Tukaenda mpaka Bonga kwa miguu, na njiani tuling'oa nyasi pembeni ya barabara, wewe fungu lako, mimi langu.

Mama Naserian alikuwa anakamua. Alituona, akaona mikono yetu, akaacha kibuyu. Alizitazama nyasi zetu kutoka juu mpaka chini.

“Hizi ni kavu,” alisema. “Mmekuja kuniomba radhi au kulisha ndama?”

Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Naye akacheka, akazipokea hivyo hivyo na ukavu wake, akatupa maziwa. Tulipokuwa tunakunywa akanitazama mimi, si wewe, akasema kwa upole kabisa: “Mbuzi wangu ni wezi, sikatai. Lakini mbuzi hafungui kufuli. Lango lilikuwa wazi.”

Ulikuwa umekaa kulia kwangu, una povu la maziwa juu ya mdomo. Ulinigeukia. Nyasi zilikuwa zimeshapokelewa, watu walikuwa wanacheka, ilikuwa saa nzuri kuliko zote za kusema. Nikasema, “Maziwa haya yana harufu nzuri. Mnatia nini?”

Hiyo ndiyo saa ninayoijutia kuliko ile ya jikoni. Jikoni nilikuwa na hofu. Pale Bonga sikuwa na sababu yoyote, ila nilikuwa nimeshazoea tangu jana yake. Inachukua siku moja tu, mwanangu.

Na cha kushangaza, swali lile la kukwepa ndilo lililookoa bustani. Alinijibu kwamba kibuyu husafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, unasugua ndani na makaa yake, ndipo maziwa yanakaa na kunukia. Akauliza kama tunao. Nilimwambia sijawahi kuusikia. Jumatatu akaja bustanini, akapita kila kibao, akasimama mbele ya namba kumi na saba, mzaituni pori, akaupiga kofi begani kama anamsalimia ndugu. “Huyu hapa! Mbona mmemfungia?”

Nikachukua brashi, nikaongeza jina lake chini ya yale mengine. Kesho yake akaja na jirani yake wa Kirangi, naye akasema mti ule kwao una jina jingine, tena dawa. Bibi wa Singe akasikia kuna watu wanaitwa kutaja majina ya miti, akaja na hasira, akasema wote wamekosea, akataja la Kimbulu. Wazee wa Kigorowa waliokuwa wanachungulia wakaingia bila kuitwa, wakakaa kwenye toroli langu. Vibao vikajaa, ikabidi fundi seremala akate vipya. Nikakishusha kile kikubwa, nikageuza upande wa pili, nikaandika: UNALIJUA JINA LAKE? TUAMBIE. Kumbuka nani alishika kopo la rangi. Ulikuwa hujaruhusiwa kumwagilia, lakini kopo ulishika.

Wakaguzi walichelewa mwezi mzima, Mungu ana njia zake. Walipokuja, diwani na maofisa wawili, daftari la wageni lilikuwa limeisha na tumeanza la pili. Diwani alikuwa na karatasi yake ya maswali. Alisoma la kwanza tu. Bibi wa Singe alikuwa kwenye kitalu cha mboga anamwonyesha mama mmoja jinsi ya kuchuma mgagani bila kuua shina, na diwani akasema kwa sauti, kama mtu anayejua, kwamba mgagani hupikwa na karanga.

“Karanga?” Bibi alinyanyuka. “Wewe baba ulilelewa na nani?”

“Na mama yangu, bibi. Karanga.”

“Mgagani ni maziwa! Ya mgando! Mama Naserian, njoo umwone kiongozi wako.”

Wakabishana nusu saa. Maofisa wakaegemea upande wa maziwa, diwani akabaki peke yake na karanga zake. Alipokumbuka karatasi jua lilikuwa limeshapanda, akaikunja akatia mfukoni, akasema, “Hapa malori yataegesha wapi? Hawa bibi watayapiga fimbo.” Uwanja ukabaki wetu.

Watu husimulia kwamba Bustani ilipona kwa sababu ya mbuzi, na mbuzi waliingia kwa sababu ya Vero. Kwa hiyo Vero Mbuzi ni jina la heshima, wanasema. Nami niliposikia hivyo mara ya kwanza nilipumua: basi, limegeuka kuwa zuri, la nini kulichokonoa? Niliegemea hapo miaka. Lakini heshima uliyopewa kwa kosa ambalo hukulifanya bado ni mzigo wa mtu mwingine. Wewe unajua ulifunga. Ulivuta mara mbili. Kwa miaka tisa umekuwa ukicheka na watu huku mkono wako ukikumbuka kufuli. Pengine ulifika mahali ukaanza kuutilia shaka mkono wako mwenyewe. Nimekuona ukirudi kukagua mlango mara tatu ukitoka chumbani. Wengine husema Vero ni makini. Mimi huwa nageuza uso.

Ulifunga, mwanangu. Ulifunga vizuri. Mimi ndiye niliyefungua.

Kule zahanati unakokwenda kuanza kazi utapewa ufunguo wa stoo ya dawa, na kutakuwa na mtu aliye chini yako, anayefagia au kuchota maji. Siku moja kitu kitapotea, watu watasimama kukuzunguka, na jina la mtu yule litakuja lenyewe mdomoni, tena likiwa na ukweli fulani ndani yake. Sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu kwamba kabla ya kusema, mimi ningetia mkono mfukoni kwanza.

Sasa nimemwita baba yako nikamwambia. Ilibidi nianze na mtu aliye macho. Aliacha kamba, akakaa juu ya sanduku lako.

“Miaka tisa, Mama Vero?”

“Tisa.”

“Na mimi nilimwita mzembe.”

“Ulimwita.”

Akaokota kamba. “Usimwambie ndani ya basi. Atashuka.”

Nikamwambia naandika. Akauliza naweka nini kwenye bahasha, nikamwonyesha. Akatoka nje na tochi, nikamsikia anajikwaa kwenye ndoo. Jumamosi kikundi kitakapokutana nitasimama mbele ya Mzee Bura na wakina mama nisome nakala ya barua hii, kuanzia kwenye maharage. Nitawaomba vijana wa bodaboda nao waje. Kama wataanza kuniita Mama Mbuzi mimi, itakuwa haki, na nadhani linanifaa.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya soksi ya kijivu, utakuta kufuli na ufunguo wake wenye uzi mwekundu. Nimelipaka mafuta, linafunga vizuri bado. Lifunge popote unapopenda, ila langoni usilitumie sana.

Na ndani ya bahasha hii kuna mafungu mawili ya nyasi. La kijani ni langu, nimelitoa leo jioni kwenye kitalu chini ya namba kumi na saba, nimelichuma kwa mkono wangu mahali palipokuwa pameandikwa usichume. Lile kavu lililopinda ni la baba yako, ameling'oa nyuma ya jiko sasa hivi gizani, na mizizi yake. Nimemwambia ni kavu. Amesema ndiyo desturi ya ukoo huu.

Mama Naserian aliwahi kuniambia kwamba kwao aliyeletewa nyasi hazikatai. Mimi sikufungi kwa hilo. Wewe si wa kwao, na mimi nimechelewa miaka tisa. Ukiona hazipokeleki, zipe mbuzi wa kwanza utakayekutana naye huko, atazijulia matumizi, nami sitakuuliza. Lakini ukizipokea, usiniandikie maneno mengi. Tafuta mti mmoja wa kule ambao hatunao hapa, uliza watu unaitwaje kwao, uniandikie jina tu. Namba inayofuata kwenye daftari la mimea nimeiacha wazi, na pembeni yake, kwenye safu ya aliyeleta, nimeshaandika kwa wino: Vero, aliyefunga lango.

Mama yako.

Nazima taa saa sita na dakika kumi. Usingizi unakuja haraka.